Maswali ya wasomaji: Kazi imebana, akili haitulii

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya maindfulnesi makazini na maswali yameingia mengi sana, karibu yote ya Arusha na Moshi, nadhani ni kwasababu kazi zetu huku nyingi ni za kuhudumia watu, wageni, wagonjwa, wateja, na kazi ya watu inachosha akili hata siku ambayo mwili umekaa kwenye kiti. Kwa aliyekosa toleo lile, ni zoezi la kuiweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi, pumzi inayoingia, miguu iliyokanyaga sakafu, sauti ya mtu anayeongea na wewe, halafu akili ikitoroka kwenda kwenye ada ya mtoto au maneno ya bosi unagundua imetoroka, unairudisha bila kujigombeza, inatoroka tena unairudisha tena. Huko kurudisha ndio zoezi lenyewe. Mfumo unaofundishwa maofisini leo ulianzia hospitali, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha kozi yake pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, kozi ya wiki 8 na mazoezi ya nyumbani karibu kila siku. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Shikamoo dada. Niko rizavesheni kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Msimu ukianza mwezi wa 6 kazi haina mwanzo wala mwisho, imeili za maajenti, lodji zimejaa, gari limezimika Karatu, mgeni kakosa ndege, na grupu la wasapu la ofisi linaita mpaka saa 6 usiku, usipojibu kesho unaulizwa. Mwezi uliopita bosi akaleta mtu kutufundisha maindfulnesi nusu siku, tukafumba macho tukapumua, akatuambia msongo uko kwenye mtazamo wetu. Kesho yake wasapu ni ile ile. Nilijisikia vibaya sana kama vile kosa ni langu. Hiki kitu kinafanya kazi kweli au tunanyamazishwa? — Wa Sakina

Marahaba mdogo wangu. Zoezi linafanya kazi, na pia hapo ofisini kwenu mmenyamazishwa, ni mambo mawili tofauti na usikubali mtu akuchanganyie.

Kwamba linafanya kazi: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikusanya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500 wakaona mazoezi ya aina hii yanapunguza wasiwasi, sonona na maumivu, kwa kiasi kidogo mpaka cha kati, sio muujiza lakini kipo. Ila hao ni watu waliofanya mazoezi wiki baada ya wiki, sio nusu siku kwenye ukumbi wa hoteli halafu chai na sambusa kila mtu kwao.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2024 mtafiti wa Oxford, William Fleming, alitoa uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza kwenye taasisi 233, akalinganisha wale walioshiriki programu za ustawi kazini, zikiwemo semina za kuvumilia msongo, madarasa ya maindfulnesi na programu za simu, na wale ambao hawakushiriki. Karibu kila kipimo, walioshiriki hawakuwa na hali nzuri zaidi. Ni picha ya wakati mmoja kwahiyo haimalizi ubishi, lakini mimi naielewa hivi, ukimfundisha mtu kupumua halafu ukamrudisha kwenye kazi ile ile yenye masaa yale yale, ile kazi inashinda. Hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipoeleza kuchoka kupita kiasi kwa kazi lilisema kunatokana na msongo sugu wa kazini ambao haujashughulikiwa vizuri. Ona maneno hayo, wa kazini. Yule aliyewaambia msongo uko kwenye mtazamo wenu amekosea, na mwalimu anayejua kazi yake hasemi hivyo.

Kwahiyo masaa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ya ziada ni kwa makubaliano na yasizidi 50 ndani ya wiki nne, na yanalipwa mara moja na nusu. Kazi ya baada ya saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, ina nyongeza yake ya asilimia 5. Wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wamewekwa pembeni ya masharti haya ya masaa, lakini wewe wa rizavesheni sidhani kama ni mmoja wao. Kujibu ajenti saa 5 usiku ukiwa kitandani nayo ni kazi jamani, hata kama hujavaa yunifomu.

Sikwambii uende kesho Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, nakwambia ukae na wenzako muandike mambo yanavyokwenda mpeleke kwa bosi kwa heshima, na muende na suluhisho mkononi. Tatizo lenu nusu yake ni saa za dunia. Ajenti wa New York anafungua ofisi saa 3 asubuhi yake, huku ni saa 10 au 11 jioni, wa California anafungua huku kwetu saa 1 au 2 usiku, ndio maana imeili zinamiminika mnapotaka kwenda nyumbani. Hilo linatibika kwa zamu: mtu mmoja anaingia mchana anakaa mpaka usiku, analipwa, na simu moja tu ya dharura kwa ajili ya gari lililozimika na mgeni aliyekwama, basi, wengine grupu linafungwa saa 12 jioni. Bosi kama unasoma hapa, zamu hiyo ndio semina bora unayoweza kuwapa watu wako.

Halafu zoezi ulifanye kwa ajili yako, sio kwa ajili ya ofisi. Asubuhi kabla hujafungua imeili weka miguu yote miwili chini, pumua mara tano, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwasababu ukitoa pumzi taratibu moyo nao unapunguza mwendo, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Ikija imeili ya matusi, aisee zipo, usijibu hapo hapo, kwanza angalia mwilini imekupata wapi, shingoni, kifuani, tumboni, kaa nayo kidogo hapo ilipo, halafu ndio uandike. Utaona jibu lako linakuwa fupi na halina kisu ndani. Na zoezi hili likikuonyesha kwamba umechoka, uchovu huo usiupumulie upite, ni habari ya kweli, peleka kwenye kile kikao na bosi.

Dada habari. Ni nesi, Moshi, wodi ya watoto. Dakika 20 za kukaa kimya sina kazini na nyumbani sina, nina wadogo wawili. Shida yangu siku hizi mtoto akifariki sisikii kitu, nafunga faili naenda kitanda kinachofuata. Halafu nafika nyumbani Pasua namfokea mwanangu kwa kumwaga uji. Naogopa nimekuwa mtu mwingine. — Nesi

Sista pole, pole sana, na asante kwa kuandika jambo ambalo wengi wanalificha.

Hujawa mtu mwingine. Christina Maslach, ambaye amechunguza uchovu wa kazi za kuhudumia watu tangu miaka ya 1970, ameonyesha kwamba una sura tatu, nguvu kuisha, moyo kujifunga kwa wale unaowahudumia, na kuona unachofanya hakina faida. Hiyo ya moyo kujifunga ndio uliyonayo. Moyo umejifunga ili uweze kumaliza zamu, na kwa usiku mmoja ni msaada, shida ni kwamba haufunguki ukifika getini kwako, kinachotoka nje ni zile hasira za uji.

Dakika 20 sikudai. Una kunawa mikono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni sekunde 40 mpaka 60 kila unaponawa, na wewe zamu moja unanawa mara nyingi kuliko unavyokula wiki nzima, kwahiyo zoezi tayari unalo, halijaongezwa hata dakika. Ukinawa, nawa tu. Sikia maji yalivyo ya baridi, na maji ya huku chini ya mlima yanajisemea yenyewe, sikia vidole vinavyopishana, sabuni inavyoteleza, na kama akili imeshakimbilia kitanda namba 6 irudishe kwenye maji. Ukikausha ndio unaenda kitanda namba 6, mzima mzima. Anza na kunawa mara mbili tu kwa zamu ndio ukumbuke, ukisema utafanya kila mara utasahau zote.

La pili ni la mtoto anapofariki. Yuko nesi Mmarekani, Jonathan Bartels, wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, yeye alianza kuwaomba wenzake mgonjwa akishafariki wasikimbie hapo hapo, wasimame kitandani kama dakika moja kimya, kila mtu kwa imani yake, kumheshimu huyu aliyekuwa mtoto wa mtu na kuheshimu kazi waliyoifanya kujaribu kumwokoa. Limesambaa hospitali nyingi. Haliombi bajeti wala kibali cha wizara, linaomba mtu mmoja wa kusema kwa sauti ndogo, jamani tusimame kidogo. Sisi huku msiba tunaujua, mtu hafariki mtaani watu wakaendelea na shughuli, turubai linafungwa, watu wanakaa, ni hospitali tu ndiko tunakotakiwa kuendelea kama hakuna kilichotokea. Ongea na in-chaji wako. Usiku mwingine hamtaweza kwasababu kitanda cha pili nacho kinazidiwa, sawa, mtasimama mkimaliza, hata kwenye makabidhiano ya zamu.

Ukisimama hivyo kuna siku utalia. Sio kwamba zoezi limeharibika.

La uji: kabla hujaingia ndani simama nje ya mlango pumua mara tatu na ujiambie kimoyomoyo, zamu imeisha, hawa ni wangu. Na umwombe mwanao msamaha kwa aliyofokewa, watoto wanapokea vizuri sana. Ila kama unaota wodi usiku, au hulali hata siku ya ofu, au imefika hali ya kutojali kama wewe mwenyewe upo, hapo usibaki na ushauri wa gazeti, nenda kitengo cha afya ya akili, hospitali kubwa zinavyo, na usione aibu kwamba wao ni wafanyakazi wenzako.

Salaam. Mimi ni afisa utumishi kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Nimesoma kuhusu maindfulnesi nimeipenda, nataka niwafundishe wafanyakazi wa pakihausi, wale wanaofungasha maua, kama 60, niwaweke dakika 15 kila siku wakati wa mapumziko ya mchana. Naanzaje? — Afisa

Kaka nimefurahi kwamba umefikiria watu wa pakihausi, kawaida haya mambo yanaishia kwa mameneja wenye viyoyozi. Lakini kuna vitu vitatu vinne ungeanza navyo vibaya ukienda hivyo ulivyoandika.

Mapumziko ya mchana achana nayo. Sheria inampa anayefanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo mapumziko ya dakika 60, ni yake, ale, apige simu nyumbani, anyooshe mgongo. Ukichukua 15 hapo umemwibia hata kama unamfundisha kitu kizuri, na watu wanajua. Dakika zitoke kwenye muda wa kampuni. Nenda kwa uongozi uombe dakika 10 za kampuni mara mbili kwa wiki, wakikataa kabisa hilo nalo ni jibu, utajua wanataka utulivu wa wafanyakazi ilimradi usiwagharimu kitu.

Wewe mwenyewe umefanya zoezi kwa muda gani? Hujasema, nahisi bado. Wanaofundisha kozi ile ya wiki 8 wanatakiwa wawe wanafanya wao kwanza, na sio suala la cheti. Mtu atakuuliza, mbona nikifumba macho namuona marehemu mume wangu, na kama wewe hujawahi kukaa kimya mpaka kitu kizito kikakupandia kifuani hutajua cha kumjibu, utamwambia arilaksi. Fanya miezi kadhaa, kila siku, peke yako au na mtu anayeijua kazi hii, ndio uite watu.

Usianze na 60. Anza na wanaotaka, wawe 8, wawe 10, na iwe hiari ya kweli, yaani asiyekuja haandikwi popote wala haulizwi. Hapo kwako ni pagumu kwasababu wewe ndio unashika mafaili yao, ukisema karibuni nyote kwa hiari watakuja wote kwa woga. Ningekushauri umtafute mama mmoja wa pakihausi mwenye moyo huo, anayesikilizwa na wenzake, ujifunze naye halafu aongoze yeye, wewe ukae nyuma kama mwanafunzi. Na mameneja waje wakae pamoja nao chini ya utaratibu ule ule.

Zoezi lenyewe lifanane na kazi yao. Hao wanasimama siku nzima, ukiwaambia wakae wafumbe macho mchana nusu watalala, na wana haki. Waambie wasimame, macho yawe wazi yakiangalia chini, wasikie uzito wa mwili ulivyogawanyika kwenye nyayo, kulia, kushoto, kisigino, halafu wahamie kwenye mabega, halafu mikono. Kufumba macho kusiwe lazima kwa yeyote, wako waliopitia mabaya ambao giza na ukimya vinawarudisha huko, mwambie kila mtu mwanzoni kabisa kwamba anaruhusiwa kufungua macho, kukaa, kutoka nje, bila kueleza sababu. Na asiyeweza kufuata pumzi, wapo wa pumu, wapo ambao ikitajwa tu pumzi kifua kinabana, afuate sauti, feni, maji, ndege wa nje. Wakirudi mezani wajaribu ua moja tu la kwanza, kuligusa kama vile ndio mara ya kwanza wameliona, kabla mkasi haujaanza mwendo wake.

Maneno yawe mepesi. Usiwaletee habari za ubongo na vijisanduku vya pawapointi.

Nikupe na tahadhari ya Uingereza. Walifanya jaribio kubwa mashuleni, wanafunzi zaidi ya 8,000, walimu wakafunzwa wafundishe maindfulnesi darasani, matokeo yakatoka mwaka 2022: kwa watoto kwa ujumla haikuwa na faida kuliko masomo ya kawaida ya kuwajenga kihisia waliyokuwa wanapata. Watoto wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Kitu kilichofundishwa kwa wote kwa ratiba kikabaki kwenye ratiba. Ukiishia na wamama watano ambao kweli wanafanya, kwangu mimi umefanikiwa kuliko 60 waliosainishwa mahudhurio.

Na ukisikia kwenye kile kikundi watu wanalalamika kwamba pakihausi ni baridi mno au malengo ya siku hayafikiki, wewe ndio afisa utumishi, hiyo ni kazi yako, ipeleke juu. Usiwajibu kwa zoezi lingine la kupumua.

Bwana Yesu asifiwe mama. Ofisini kwetu Moshi tumeambiwa tutaanza medetesheni. Mimi ni Mlutheri na mchungaji wetu anasema hii ni dini ya Kibuddha. Nikatae? — Mhasibu

Amina mwanangu. Mchungaji hajakosea kuhusu mizizi, Kabat-Zinn mwenyewe alijifunza kwa walimu wa Kibuddha na hajawahi kuficha, ila alipoipeleka hospitali aliondoa ibada yote, hakuna anayeabudiwa, hakuna sanamu, hakuna maneno ya kukariri, kilichobaki ni kuangalia pumzi na mwili. Je hiyo inatosha kwa dhamiri yako? Hilo siwezi kukuamulia mimi wala ofisi yako, na ofisi ikilazimisha inakosea. Ningeuliza kwanza kitakachofanyika ni nini hasa. Wakija na maneno ya kuimba na vijiti vya ubani, kataa kwa amani kabisa. Kama ni kukaa kimya na kusikia pumzi yako, wako Wakristo wanaokaa hivyo na zaburi moja mkononi, na wenzako Waislamu wanaotoka kwa ajili ya adhuhuri wanarudi wametulia, muombe mwenye darasa kila mtu atumie dakika zile kwa namna ya imani yake. Mwalimu mzuri hatakukatalia. Rudi pia kwa mchungaji umweleze ulichoona kwa macho yako, nadhani atapenda kukusikia baada ya kuona badala ya kabla.

Vipi dada, mimi ni mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro, Moshi. Wageni siku hizi wanataka tuwafanyishe medetesheni na mazoezi ya kupumua kambini, hadi Barafu kule juu ya mita 4,600. Ni salama? — Mwongoza wageni

Kaka hapa nisikilize vizuri. Kukaa kimya dakika chache wakiangalia mawingu na kusikiliza pumzi inavyokwenda yenyewe, salama kabisa, tena ni jambo zuri. Kubana pumzi, kupumua haraka haraka, kupumua kwa kuhesabu, usiwafanyishe huko juu. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani, mwili umeshaongeza kasi ya kupumua wenyewe ili uishi, usiuingilie.

Na hatari kubwa ninayoiona ni kuiita dalili jina la msongo. Mgeni anayehema akiwa amekaa, anayekohoa bila kukoma, anayeyumba akitembea, anayeongea visivyoeleweka, huyo hana wasiwasi wa kutulizwa, huyo anaumwa na mlima na anatakiwa kushuka, usiku huo huo, usimkalishe chini apumue. Utulivu unaousomea tumia kumwangalia mgeni kwa makini, uso wake, hatua zake, amekula kiasi gani. Vivyo hivyo kwa wagumu, yaani wapagazi wenu, mgumu hatasema anaumwa kwasababu anaogopa kukosa safari ijayo, muangalie kwa macho yale yale.

Nikikaa kimya ndio mawazo yanazidi, mkopo, kesi ya shamba, kila kitu. Nimeacha. — Wa Njiro

Hayazidi dada, yalikuwepo ulikuwa huyasikii kwa kelele. Wanasaikolojia wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, mwaka 2010 walitoa utafiti wa kuwauliza watu zaidi ya 2,000 kwa simu zao wakati wowote wa siku wanafanya nini na wanawaza nini, na karibu nusu ya muda, asilimia 46.9, akili ilikuwa sehemu nyingine. Kwahiyo ni wote. Rudi, ila punguza muda, dakika 3, na ukae na daftari pembeni, wazo la mkopo likija la maana andika mstari mmoja ufunge. Kesi ya shamba inataka wakili au baraza la ardhi, zoezi litakusaidia tu uende kule ukiwa na kichwa kilichopoa. Kama ukikaa kimya moyo unakwenda mbio mpaka unatetemeka, usilazimishe, tembea, safari ya kutoka Njiro mpaka stendi ya hiace inatosha, sikia nyayo tu.

Ni programu gani ya simu ninunue? — Kijana, Kijenge

Usinunue kwanza, mdogo wangu. Jaribu wiki mbili na kengele ya saa ya simu yako, dakika 5, ukiwa umezima data. Ukiona unataka sauti ya kukuongoza zipo za bure nyingi, shida ni moja, karibu zote ni za Kiingereza, na ukiwa umechoka akili inahitaji lugha ya nyumbani. Muombe mtu mwenye sauti unayoipenda, bibi, dada, yeyote, akurekodie maneno machache taratibu: kaa, sikia miguu, sikia pumzi, ukipotea rudi. Mtumie kwenye wasapu hiyo sentensi akusomee.